Mteja anashukia wapi? Kisa cha fremu za Barabara ya Morogoro

Duka la vifaa vya ujenzi lililotazama Barabara ya Morogoro pale Manzese, Dar es Salaam, lilikuwa, kabla ya 2012, na vitu vitatu: fremu, mzigo na kile kiwanja cha vumbi mbele ya mlango. Fremu, yaani chumba chenyewe cha duka, ilikuwa ya kupanga. Mzigo, kwa wengi, nusu yake ulikuwa wa mali kauli, yaani wa kuchukua kwanza na kulipa ukishauzwa. Kiwanja hakikuwa cha mtu. Ila hapo ndipo kirikuu, kile kigari cha mizigo, iliposimama kupakia saruji, ndipo nondo zilipolazwa na mageti ya chuma yakaegeshwa yaonekane na anayepita. Na ni hapo hapo daladala ilipopunguza mwendo abiria alipopiga kelele "shusha!" Ungemuuliza mwenye duka mtaji wake ni kiasi gani, angekuhesabia mifuko na mabati. Kiwanja asingekitaja, kwa sababu hakukinunua na hakukilipia kodi.

Mradi wa mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, ulipofika, ndani ya duka la aina hiyo haukuguswa hata msumari. Kilichokwenda ni kiwanja.

Kisa hiki kimezungumzwa sana kwa namna mbili, na zote mbili zinanichosha. Ya kwanza ni ya majukwaani: barabara ni maendeleo, barabara ikija biashara inakua. Ya pili ni ya vijiweni: barabara imeua maduka. Ukiitembea Morogoro Road kwa miguu kutoka Magomeni Mapipa hadi Kimara Mwisho utaona fremu zilizokufa na fremu zilizonona, mara nyingine hatua mia mbili tu kati yake. Barabara ni ile ile, kodi ni zile zile, jua ni lile lile. Tofauti inaanza na swali ambalo mchuuzi wa karanga analijua kuliko mhandisi: mteja anashukia wapi?

Kilichojengwa

Awamu ya kwanza ya mwendokasi ilijengwa na kampuni ya Strabag ya Austria kuanzia 2012, kwa fedha zilizotokana zaidi na mkopo wa Benki ya Dunia. Urefu wake ni kilomita 20.9. Shina linatoka Kimara Mwisho hadi Kivukoni, tawi moja linaingia Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani kule Kariakoo, na jingine linafuata Barabara ya Kawawa kutoka Magomeni hadi Morocco. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na Rais John Magufuli aliuzindua mradi rasmi Januari 2017.

Kwa msafiri, mradi ulikuwa nafuu kubwa, na asiyekubali hilo hakuwahi kukaa saa mbili kati ya Ubungo na Fire akiwa amebanwa kwenye mlango wa daladala. Hilo sina ubishi nalo. Ninachotazama hapa ni umbo la barabara yenyewe. Katikati kuna njia mbili za mabasi, na pale kwenye kituo zinapanuka ili basi la moja kwa moja lilipite lililosimama. Kila upande zipo njia mbili za magari ya kawaida, kisha njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Vituo viko katikati ya barabara, si pembeni. Abiria anayeshuka Tip Top au Kagera hatoki mlangoni mwa basi akakanyaga baraza la duka la mtu. Anashukia ndani ya kituo, anatoka kwenye ncha yake, anasubiri taa, anavuka kwenye pundamilia, na hapo ndipo anapokutana na mtaa.

Kati ya kituo na kituo ni kama nusu kilomita. Zamani, nusu kilomita hiyo ilikuwa na vituo rasmi na visivyo rasmi visivyohesabika, maana daladala husimama kokote penye mkono ulionyooshwa. Daladala zilipoondolewa kwenye njia hiyo, milango yote ya kushukia iliyokuwa imetawanyika kando ya barabara ikakusanywa na kuwa michache. Fremu iliyoangukia jirani na kivuko ikajikuta inapitwa na watu wa kituo kizima. Iliyoangukia katikati ya vituo viwili ikabaki na majirani zake na watu wanaoitazama kupitia kioo cha basi linalokimbia.

Na si hilo tu. Upande wa pili wa barabara, ambao zamani mtu aliuvuka kwa kuchungulia kushoto na kulia na kukimbia, umekuwa kama mtaa mwingine. Mkazi wa ng'ambo aliyezoea kununua gesi au koki ya bomba kwenye duka lililo mkabala naye sasa anatafuta kivuko, kisha anarudi nyuma upande ule mwingine. Kwa koki ya bomba, hafanyi hivyo. Ananunua upande wake.

Nani alipona, nani hakupona

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likisemwa waziwazi: barabara haikuyapiga maduka yote kwa fimbo moja. Iliyachagua kwa aina ya bidhaa.

Wakala wa kutuma na kutoa fedha anahitaji mteja asimame dakika mbili. Duka la dawa, muuza vifaa vya simu, chipsi, juisi ya miwa, vocha, saluni: wote hawa wanaishi kwa miguu, na mwendokasi uliwaletea miguu kwa wingi pale penye vivuko. Muuza nondo anahitaji gari lisimame nusu saa. Vivyo hivyo muuza makochi na vitanda, muuza matairi, muuza soda na bia kwa jumla, mwenye duka la vipuri ambaye mteja wake huja na gari lenyewe, boneti wazi, fundi kando. Maduka haya yalikuwa yamepanga foleni kando ya Barabara ya Morogoro kwa sababu moja, kwamba gari liliweza kusimama. Baada ya ujenzi, njia mbili za magari ya kawaida zilijaa foleni ya wasiopanda basi, ukingo wa zege ukainuliwa, na anayesimama kupakia anaziba nusu ya barabara. Akisimama anapigiwa honi na kila aliye nyuma yake, na akiondoka kidogo anaweza kurudi akakuta gari limefungwa mnyororo, faini ikala faida ya mifuko kadhaa ya saruji. Mteja akipatwa na hilo mara moja, safari ijayo anakwenda kununua Tegeta.

Mpangilio huo ukishauona, unaweza kutabiri mengi. Fremu kubwa ya vifaa vya ujenzi inafungwa, mwenye nyumba anaigawa kwa mbao za jipsam mara mbili au tatu, kila kipande kinapata mlango wake wa kioo, na ndani wanaingia wauza kava za simu, wigi na manukato. Mpita njia anasema biashara imechangamka, na kweli imechangamka. Ila yule wa nondo hayupo, na vijana wa kupakia waliomtegemea hawapo pia.

Walionusurika miongoni mwa wauza vizito walifanya mambo yanayofanana. Stoo ilihamia mitaa ya ndani, ambako kiwanja bado kipo, na fremu ya barabarani ikabaki ya kuonyesha sampuli na kupokea oda. Mzigo unatoka nyuma, kwa guta au kirikuu. Wengine walihamisha saa za kupakia zikawa usiku au alfajiri. Wenye mtaji mdogo hawakuweza hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu fremu mbili ni kodi mbili, na kodi Dar es Salaam haidaiwi kwa mwezi. Unalipa miezi 6 au mwaka mzima mbele.

Kodi hiyo ya mbele ina sehemu yake kwenye kisa hiki. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulichukua zaidi ya miaka mitatu: mashimo, vumbi, mabomba yanayohamishwa, nguzo za umeme zinazong'olewa, mbao zinazotandikwa juu ya mtaro ili mteja afike mlangoni. Mpangaji aliyelipa mwaka mmoja Januari, mtaro ukachimbwa mbele yake Machi, hana pa kwenda. Akiondoka amepoteza kodi, akikaa anakula mtaji. Wengi walikaa. Barabara ilipokamilika na kupendeza, wao walikuwa hawana tena cha kuweka kwenye shelfu, na fremu ikachukuliwa na mwingine kwa bei mpya.

Vyuma vilipokaza

Ni lazima nisimame hapa, kwa sababu kuna ushahidi unaoweza kupotosha. Mwendokasi ulianza Mei 2016, miezi michache tu baada ya serikali mpya kuingia. Huo ndio wakati msemo wa "vyuma vimekaza", yaani fedha zimekuwa ngumu kupatikana, ulipotapakaa mjini. Fedha za taasisi za umma ziliondolewa kwenye benki za biashara kwenda Benki Kuu, safari na semina za serikali zikakatwa, ukusanyaji wa kodi ukakazwa, mashine za risiti zikafuatiliwa duka kwa duka. Maduka yalifungwa nchi nzima, hata Mwanza na Mbeya ambako hakuna basi la mwendokasi hata moja. Anayeichukua kila fremu iliyofungwa Morogoro Road kati ya 2016 na 2018 akaiandika kwenye deni la barabara anajidanganya.

Lakini anayesema yote yalikuwa vyuma kukaza naye hasemi kweli. Uchumi ukikaza unakaza pande zote. Haumjui aliye karibu na kivuko na aliye mbali. Haubagui muuza kitanda ukamwacha wa wigi hatua kumi kando yake, kwenye jengo hilo hilo. Pale ambapo uharibifu unafuata umbo la barabara, yaani katikati ya vituo, upande usio na kivuko, bidhaa zinazohitaji gari, hapo ni barabara. Pale unapomkuta mwenye fremu nzuri mkabala na kituo naye amefunga, tafuta sababu nyingine. Kipimo hiki si cha kisayansi, lakini kinatosha kutenganisha malalamiko mawili ambayo mijadala ya bungeni na ya mitaani ilikuwa ikiyachanganya kwenye kapu moja.

Hasara isiyo na safu kwenye daftari

Swali linalofuata ni nani anamlipa aliyepoteza. Sheria za Tanzania kuhusu fidia si kimya kuhusu biashara. Kanuni za ukadiriaji wa fidia ya ardhi za 2001 zinasema ardhi ikitwaliwa, mbali na thamani ya jengo kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na pia fidia ya kupotelewa na faida. Hiyo ya mwisho hupatikana kwa kuchukua faida halisi ya mwezi na kuizidisha kwa miezi 36. Duka linaloingiza faida ya shilingi 400,000 kwa mwezi lingestahili, kwa hesabu hiyo, shilingi 14,400,000. Si haba. Ni mtaji wa kuanzia upya mahali pengine.

Kati ya kanuni na mfuko wa mtu kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni ushahidi: faida hiyo inapaswa kuonekana kwenye hesabu, na kanuni zinataja hesabu zilizokaguliwa pale zinapohitajika. Duka la kawaida la Manzese lina daftari la mikopo, lenye majina kama "Mama Zuhura 12,000" na mistari ya kalamu juu ya waliolipa. Faida iko kichwani kwa mwenye duka. Tena aliyempunguzia mkusanya kodi makadirio yake Januari hawezi kumwambia mthamini ukweli mwezi Juni bila kujikanyaga.

Mlango wa pili ndio mzito, na kwa maoni yangu ndio kiini cha kisa chote. Fidia ya faida inakwenda na ardhi iliyotwaliwa. Kama tofali lako halikuguswa, hukuathirika. Masharti ya Benki ya Dunia wakati ule kuhusu kuhamisha watu yalikuwa mapana kuliko ya nchi, maana yaliwatambua hata wapangaji na wachuuzi wasio na hati. Lakini nayo yalihusu kutwaliwa kwa ardhi. Kuhama kwa kituo cha daladala, kukosekana kwa pa kupaki, kivuko kuwekwa mita 250 kutoka mlangoni: hakuna kati ya hivyo kilichokuwa na safu ya kuandikia hasara. Kile kiwanja cha vumbi kilikuwa hifadhi ya barabara tangu mwanzo. Kisheria mwenye duka hakupoteza kitu, kwa sababu hakuwa nacho.

Najua jibu la mtu wa barabara hapa: jiji haliwezi kumlipa kila mtu ambaye mteja wake amepita mlango wa pili. Ni kweli, haliwezi. Lingeweza hata hivyo kufanya vitu vya bei rahisi kuliko fidia. Kuchonga maegesho mafupi ya kupakia kwenye njia ya pembeni kila baada ya umbali fulani. Kutangaza saa za mizigo ili alfajiri isiwe kosa. Kumpa kila mwenye mlango tarehe ya lini mtaro utachimbwa mbele yake na lini utafukiwa, ili ajue kama alipe kodi ya miezi 6 au aombe miwili. Tarehe ni karatasi tu.

Kimara: X nyekundu

Ukitoka Kimara Mwisho kuelekea Kibaha, kisa kinabadilika sura. Huku duka lenyewe ndilo lililokwenda.

Mwaka 2017 bomoabomoa ilipita Kimara, Mbezi, Kibamba hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara kuwa ya njia nane, kipande cha kilomita 19.2 hadi Kibaha, kwa fedha za serikali. TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, ilisimamia hoja kwamba hifadhi ya barabara kwenye eneo hilo ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati, upana unaorejea kwenye sheria ya barabara kuu ya 1932, ya enzi za Mwingereza. Kwa barabara kuu nyingi nchini hesabu ni nyingine kabisa: zilikuwa mita 22.5 kila upande hadi Sheria ya Barabara ya 2007 ilipoongeza zikawa 30. Kutokana na ongezeko hilo la mita 7.5 zikazaliwa zile rangi mbili ambazo kila anayeishi kando ya barabara kuu anazijua. X ya kijani kwenye ukuta maana yake utalipwa, sheria ndiyo iliyokufuata. X nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, vunja mwenyewe uokoe bati zako.

Kimara ilikuwa nyekundu. Wengine walikwenda mahakamani, wengine walionyesha nyaraka, leseni za biashara, bili za TANESCO walizolipa miaka nenda rudi. Haikuwa nyumba za raia pekee, maana Novemba mwaka huo Rais aliagiza hata sehemu za jengo la makao makuu ya TANESCO na la Wizara ya Maji pale Ubungo zibomolewe.

Ili kuelewa kilichobomolewa lazima ujue fremu ya Kimara ni kitu gani. Mtumishi wa umma anastaafu, anapata kiinua mgongo, nyumba tayari anayo kando ya barabara. Anajenga fremu nne mbele ya nyumba, anazipangisha: duka la rejareja, saluni, bucha, fundi cherehani. Kodi ya fremu nne ndiyo pensheni yake halisi, kwa sababu ile ya mwezi ni ndogo. Tingatinga lilipopita halikuchukua jengo tu, lilichukua mshahara wa uzeeni wa mtu mmoja na kazi za watu wanne na wasaidizi wao. Na wale wapangaji wanne walikuwa wameshalipa kodi mbele. Wamdai nani? Mwenye nyumba mwenyewe amekaa juu ya kifusi. Kwenye mikataba mingi ya fremu, ambayo ni ukurasa mmoja wenye saini ya mjumbe, hakuna mstari hata mmoja unaosema barabara ikija itakuwaje.

Sitaingia kwenye mabishano ya kisheria ya mita 121.5, yana watu wake. Naona tu kwamba mahakama na magazeti yalishughulika na wenye nyumba, kwa sababu wao walikuwa na ukuta wa kupigia X. Mpangaji hakuwa na ukuta.

Kituo kinapohama

Ubungo ndiyo inayomaliza ubishi kuhusu nguvu ya mahali pa kushukia. Kwa miaka mingi stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa hapo, na kuizunguka paliota mji mdogo wa gesti, mama lishe, wauza maji na biskuti, mawakala wa tiketi, maduka ya mabegi, wabeba mizigo, vinyozi wanaofungua saa kumi alfajiri. Wateja wao hawakuwa watu wa Ubungo. Walikuwa watu wa Iringa, Moshi na Songea waliokuwa na saa moja ya kusubiri.

Februari 2021 mambo mawili yalizinduliwa pamoja: daraja la ngazi tatu la Ubungo, lililopewa jina la Kijazi, na stendi mpya ya mikoani ya Mbezi Luis, iliyopewa jina la Magufuli. Daraja liliondoa foleni iliyokuwa maarufu kuliko makutano yenyewe. Stendi ikawaondoa abiria. Hakuna aliyebomoa gesti za Ubungo, hakuna aliyeandika X. Watu waliacha tu kushukia pale, na hesabu ya chumba cha kulala cha mtu anayesubiri basi la saa kumi na mbili asubuhi haikuwezekana tena. Wenye uwezo walifuata abiria Mbezi, wakakuta kodi za fremu zimeshawatangulia.

Kuna mfano wa kinyume, nje kidogo ya barabara hii lakini ndani ya hoja. Machinga Complex pale Karume, Ilala, lilijengwa likiwa na vizimba kwa maelfu na likafunguliwa mwanzoni mwa muongo wa 2010. Zege zuri, paa, choo, ulinzi. Kwa miaka sehemu kubwa ilibaki tupu, huku machinga wakibanana juani hatua chache tu kutoka hapo. Walioitwa wabishi walikuwa na hesabu rahisi: mteja wa machinga haendi sokoni, anakutana na soko akiwa njiani kwenda kwingine, na hakuna anayepita njia ya kupanda ghorofa ya tatu. Oktoba 2021, wachuuzi walipoondolewa kando ya barabara za jiji na kuelekezwa maeneo yaliyotengwa, hesabu hiyo hiyo ilirudi. Wenye maduka walishangilia milango yao kuonekana tena, na wana haki, kwa sababu walikuwa wanalipa kodi na leseni huku mlango umezibwa na meza ya viatu. Ila baadhi yao waligundua baada ya muda kwamba meza ile ya viatu ndiyo iliyokuwa inampunguza mwendo mpita njia hadi akageuza shingo.

Kwa wa Mwenge na Makumbusho

Ujenzi wa awamu ya nne umepita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, na tawi la Sam Nujoma hadi Ubungo. Fremu za Mwenge, Makumbusho na Afrikana zinaingia mahali fremu za Manzese zilipopita, na tofauti moja nzuri ni kwamba safari hii umbo la barabara linajulikana tayari.

Anayepanga fremu huko leo asiangalie barabara ilivyo. Aangalie kituo kimewekwa wapi na vivuko vyake vinatokea upande gani, kwa sababu fremu ya mita 30 kutoka kivuko na ya mita 200 ni biashara mbili tofauti hata kama dalali anazitaja kwa bei moja. Kama bidhaa yake inahitaji gari lisimame, aende akatafute mtaa wa nyuma wenye geti na afanye ya mbele kuwa ndogo, au aiache kabisa. Mwenye duka la miguu afanye kinyume: abane mita za mraba, akaribie kivuko.

Na kwenye mkataba waandike, hata kwa kalamu, mambo mawili. Kwamba njia ya kufika mlangoni ikizibwa na ujenzi zaidi ya mwezi mmoja, kodi ya miezi iliyobaki inasogezwa mbele au inapungua kwa kiasi kinachotajwa. Na kwamba jengo likipigwa X, ya rangi yoyote, mpangaji anarudishiwa kodi ambayo hajaitumia ndani ya siku zinazotajwa, na kama mwenye nyumba atalipwa fidia, ile sehemu ya faida ya biashara ni ya mwenye biashara. Wenye nyumba wengi watakataa hilo la pili. La kwanza wanakubali zaidi kuliko mtu anavyotarajia, hasa fremu ikiwa imekaa tupu miezi mitatu na vumbi la mkandarasi limeshaingia ndani.